Tulivyojifanya Wauza Watu

Jumatatu, 7 Machi 1842

Joto. Biskuti zina wadudu wengi kuliko unga. Wiki ya pili sasa tunaivizia merikebu ya Kibrazili iliyojificha mtoni, na mabandani ufukweni watu zaidi ya mia tatu wanangoja kupakiwa. Ikituponyoka, basi, ndio wamekwenda! Silali vizuri.

Kapteni Pascoe ana wazo (Mungu tuepushe). Manowari yetu ya Kiingereza ijifanye ya wauza watu: tuchafue matanga, tupandishe bendera ya Brazili, wao watoke kutuamkia, tuwadake. Kwa kuwa nina nywele nyeusi, mimi ndiye nahodha wa uongo. Nimepewa kofia ya majani na kasuku.

Jumatano, 9 Machi

Chupa-ya-Bia, mnyapara wa mabaharia wetu wa Kikru, wenyeji wa pwani hii ya Afrika Magharibi—jina tulimbandika sisi Waingereza, naye hulicheka jina la Pascoe—kaniona, kacheka mpaka kakaa chini. "Bwana Luteni, hata mama'ko angekulipua!"

Kapteni kaongeza sufuria tuliyoteka juzi, ya kupikia halaiki. Kwa sheria yetu, sufuria kama hiyo pekee yatosha kumtia mtu hatiani kwa kuuza watu. Eti bila sufuria hatuaminiki! Kasuku kaning'ata sikio.

Alhamisi, 10 Machi

Aibu! Tumeaminika. Asubuhi manowari ikatufukuza—ya Kiingereza! Tukapandisha bendera yetu ya kweli. Wakadhani ni hila, wakajibu kwa mzinga. Wakatupanda ubavuni, kamba zao zikanasana na zetu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Akaruka luteni kijana na bastola. Nikasema mimi Ambrose Tuckett, mtu wa Devon, Uingereza, mwenzako! "Kiingereza umejifunza vizuri, bwana Mbrazili." Kisha akaiona sufuria. Kesi imekwisha! Pascoe akafoka, "Wee mtoto, nitakuchapa bakora!" Sasa tumefungwa pingu moja, mimi na Pascoe. Kila akifoka penseli yangu inaruka. Nacheka, Mungu anisamehe.

Merikebu imetoka mtoni. Safi, bendera ya Kiingereza. Imeishusha kidogo kutusalimu. Wote tumevua kofia, sisi na wao.

Upepo umegeuka. Harufu! Jasho na uchafu wa watu waliorundikwa. Ndiyo ile ya Kibrazili. Na sauti kutoka chini ya sitaha yake, za watoto zimo. Hakuna anayecheka.

Chupa-ya-Bia anakata kamba kwa shoka. Luteni kijana anajaribu ufunguo kwenye pingu zetu. Siyo wenyewe. Anajaribu mwingine. Matanga ya Wabrazili yameshajaa upepo.