Gitaa Lako Bado Liko Ukutani

Emorut Spika na Kurekodi,
Nyuma ya Soko,
S.L.P. 118,
Malaba.

Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa dada yangu Ajiko,

Yoga noi! Natumai barua hii inakukuta ukiwa mzima, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kuinua wagonjwa umetulia. Huku kwetu hatujambo. Mvua imeanza wiki hii na matope ya Malaba unayajua mwenyewe. Nabwire, mke wangu, ameona ile picha yako ya kwenye theluji akasema umenenepa. Ameniambia niandike hivyo hivyo bila kupunguza, kwa sababu anakusifu.

Baba yako, ami yangu mzee Ongodia, yuko imara. Goti linamuuma asubuhi, lakini kila Jumapili anakwenda Amagoro kanisani kwa miguu. Boda boda hataki kabisa, ati vijana hao wanaendesha kama watu waliofumaniwa. Anakuulizia kila tukionana, na kila mara ananiuliza kama Kanada mmeshalala au mmeamka.

Najua umeshtuka kuona karatasi. Mercyline, mdogo wake Nabwire, anakuja kusoma hapo Winnipeg, ndiyo maana nimempa bahasha akuletee mkononi. Ndani nimebandika flashi ndogo kwa selotepu. Usiichomeke kwanza! Nakujua wewe, hata vitabu ulikuwa unaanzia mwisho. Soma kwanza mpaka chini, tafadhali.

Sasa, habari ya gitaa. Mwezi uliopita ulinitumia meseji ya mistari miwili: nimpe Quinton gitaa lako la besi, kwa sababu yeye ndiye anayejua kulitumia, na wewe hutalishika tena. Nilisoma nikakaa chini juu ya boksi la spika, na mteja aliyekuwa amekuja kukodisha maiki za matanga akaniuliza kama na mimi nimefiwa. Ajiko, sijampa. Bado liko ukutani hapa dukani, upande ambao jua halifiki, na kila Jumamosi nalipangusa vumbi.

Kuna jambo lazima ulijue kabla gitaa hilo halijatoka mikononi mwetu. Nimelibeba miaka tisa. Lakini nikianza nalo nitashindwa kumaliza barua, kwa hiyo wacha nianze na raha. Wiki hii nimesikiliza albamu zetu zote nne, za bendi yetu Foleni, kuanzia ya kwanza. Nakuandikia pale ambapo besi yako inanishika hadi leo.

Tuanze na "Mizani", ya 2009. Unakumbuka ile stoo ya wakala wa forodha tuliyorekodia? Tulikuwa watatu tu, wewe besi, Callistus dramu, na mimi gitaa na kupiga mayowe. Trela zikipita barabarani ukuta wote unatetemeka, ndiyo sababu kuna mngurumo kwenye albamu hiyo ambao hakuna aliyeupiga. Watu wakiuliza metali ya progresivu ni kitu gani, Callistus alikuwa anawaambia ni muziki ulio kwenye foleni ya mpakani: unasonga kidogo, unasimama, unabadilisha gia, unasonga tena, na hujui utafika saa ngapi. Walikuwa wanatuona wendawazimu, na sisi tunafurahi.

Wimbo wa kwanza, "Kilomita Nane", unauanza peke yako dakika nzima. Unapiga kwa vidole gumba viwili, vile babu Eriaku alivyokufundisha kwenye akogo yake kubwa, ile ala ya vyuma vipana vya kubonyezwa kwa gumba, iliyokuwa inanguruma kwenye sanduku lake mpaka mbuzi wanainua vichwa. Wote waliojifunza besi kwa video wanatumia kidole cha shahada na cha kati. Yule jaji wa mashindano ya Kisumu alikuita mbele ya watu akakuuliza vidole vingine vina kazi gani, nawe ukamjibu viko likizo. Lo! Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Tulishika mkia siku hiyo, na nilijivuna kuliko siku ya harusi yangu. Hilo usimwambie Nabwire.

Halafu "Daraja", 2011. Hapa sichagui wimbo wote, nachagua ile sehemu ya katikati ya "Maji ya Malakisi", kuanzia dakika ya saba. Waya wa pili wa besi ulikatika saa nne asubuhi, na tulikuwa na stoo ya watu kwa siku ile moja tu. Malaba nzima hakuna anayeuza nyaya za besi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulaumu kila mtu, si unajua hasira zangu. Wewe ukatoka kimya, ukaenda kwa Okiria fundi wa baiskeli, ukarudi na waya wa breki.

Waya wa breki, jameni! Kile kichwa chake kikaingia pale chini ya gitaa kama kimetengenezewa hapo. Ukaukaza, ukaupiga mara moja, mimi na Callistus tukatazamana. Sauti ilitoka nzito, chafu, ina mikwaruzo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la maana. Mpaka leo vijana wa Kampala wananiandikia wakiuliza ulitumia mashine gani kupata ile sauti. Nawajibu ni siri ya bendi. Okiria naye anawaambia wateja wake kwamba breki zake zimefika kwenye albamu, na hapo hasemi uongo.

"Kibali", ya 2013, nitaipitia haraka kwa sababu inaniuma. Ile "Ngazi za Port Victoria" ulitaka besi inyamaze kabisa nusu dakika, kisha irudi na noti moja. Noti moja tu. Mimi nikaijaza ile nusu dakika yote na solo yangu, nikaipandisha juu mpaka noti yako ikafunikwa. Hukuniongelesha wiki nzima. Juzi nimesikiliza nikaona aibu peke yangu hapa dukani. Solo yenyewe haina hata maana, inakimbiakimbia tu kama kuku aliyefungiwa nyumbani. Wewe ndiye uliyekuwa unausikia wimbo.

Nimekumbuka mengi, Ajiko. Nimekumbuka sabuni ya magadi uliyokuwa unaoshea mikono ukitoka Nangina, siku zile ulipokuwa mwanafunzi wa uuguzi pale hospitalini, halafu unakuja mazoezini moja kwa moja ukiwa bado na viatu vyeupe. Nimekumbuka Callistus akipiga dramu yake kwa mifupa ya nyama na kusema anajaribu sauti. Siku hizi yuko kwao Marachi, anafundisha hesabu Butula, na Jumapili anapigia kwaya ya kanisa dramu taratibu sana kwa sababu padri amemwomba. Nilimpigia simu wiki hii nikamwambia ninachoandika. Akasema afadhali.

Sasa nimelifikia lile jambo.

Wewe uliondoka Januari 2016. Uliniambia zikiwa zimebaki siku sita. Ndipo nikajua visa yako ilikuwa imetoka tangu Novemba, na wewe ulikuwa unatafuta namna ya kuniambia, lakini sikutaka kuelewa. Pale steji ya mabasi Busia nilikuambia bendi itapata mtu wa besi kabla basi lako halijafika Kisumu. Ulipanda bila kugeuka nyuma. Niliyasema kwa sababu nilikuwa naumia, na sikujua namna nyingine ya kuumia isipokuwa kukasirika.

Tukampata Quinton wa Busia. Kijana mzuri, vidole safi, anajua kusoma muziki kwa karatasi. Nyimbo tano za albamu ya nne, "Upande wa Pili", kapiga yeye, na kapiga vizuri, simnyimi haki yake. Ukaapa hutaisikiliza albamu hiyo hata siku moja. Ikatoka, na wote wakawa wanasema habari ya wimbo wa sita, "Wimbi Juani", ule wa dakika kumi na tisa. Wakaandika kwamba Foleni hatimaye imepata mpiga besi. Mtu mmoja akakutumia maneno hayo, na ndipo ulipoacha besi kabisa. Najua, kwa sababu ulimwambia Nabwire.

Ajiko, besi ya "Wimbi Juani" ni yako.

Quinton alijaribu miezi miwili. Noti alizipata zote, lakini wimbo haukutembea, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema. Basi nikafungua kompyuta nikatafuta yale mazoezi ya Desemba, kabla hujasafiri. Unakumbuka? Tulikuwa Kamuriai nyumbani kwa Tata Alinga, nyanya yetu, jikoni kwake. Tulivuta waya wa stima kutoka nyumba kubwa. Nikaweka maiki moja mbele ya amplifaya, wewe ukavaa spika za masikioni ukifuata mdundo wa kompyuta, ukaupiga wimbo wote mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa vidole gumba, umekaa kwenye kigoda. Nilichukua hiyo. Callistus akapiga dramu juu yake, nami gitaa. Halafu kwenye jalada nikaandika besi ni Quinton.

Sina kisingizio. Callistus alinikataza nikamwambia anyamaze. Quinton alikuja juu nikamwambia ni mambo ya kibendi, yataandikwa vizuri toleo lijalo. Hakukuwa na toleo lijalo. Nilitaka uone tumeweza bila wewe, na ndiyo maana nikatumia mkono wako kukuonyesha. Sijawahi kufanya jambo la kijinga kuliko hilo, na la kijinga zaidi ni kwamba nililiacha likae. Nisamehe, dada yangu. Nimeandika sentensi hiyo mara nne kwenye karatasi nyingine kabla ya kuiandika hapa.

Jumapili iliyopita Quinton alikuja dukani. Nilimwonyesha meseji yako. Akasimama mbele ya gitaa mikono nyuma, hakuligusa. Akaniambia: "Boss, mimi nimebeba jina la huyu dada miaka tisa. Sasa unataka nibebe na gitaa lake? Hapana. Mwandikie. Na usimtumie meseji, mwandikie barua." Akaondoka bila hata kunywa chai. Nimemheshimu sana.

Hiyo flashi ina "Wimbi Juani" peke yake, mara mbili. Ya kwanza ni ile ya albamu. Kwenye dakika ya kumi na nne, pale besi inabaki karibu peke yake, utasikia sauti ya mama mzee kwa mbali. Ni Tata. Alikuwa uani ameanika wimbi lake, ile nafaka ya kutengenezea pombe ya ajon, kwenye turubai, akaona kuku wamepanda juu, akapaza sauti akiuliza ni nani ameacha kuku wameingia. Maiki ikamnasa. Nilimwacha humo kwa sababu sikuweza kumfuta, hata wakati ule akiwa hai. Mashabiki wanadhani tulimkodi mtu. Kwenye maonyesho tukifika hapo walikuwa wanauliza wote kwa sauti moja: "Nani ameacha kuku?"

Najua hukumzika. Ilikuwa 2020, ndege hakuna, mpaka umefungwa, na wewe ulitazama mazishi kupitia simu ya Mercyline mpaka mtandao ukakatika wakati wanateremsha jeneza. Kwa hiyo ukifika hapo kwenye dakika ya kumi na nne, kaa chini kwanza.

Ya pili ni yale mazoezi kama yalivyokuwa, besi tupu, bila mimi na bila Callistus. Nimeirudisha yote. Kwenye albamu nilikata mahali pamoja, sekunde tatu, nikaziba na dramu. Tata alipouliza, wewe ulimjibu. Ulimjibu huku unapiga, na mkono haukukosa hata noti moja. Sauti yako ingejulikana na kila mtu, ndiyo maana nikaikata. Nimeirudisha mahali pake.

Gitaa ni lako kuamua. Ukisema tena nimpe mtu, nitampa, sitakuuliza mara ya pili. Ukisema lije, Callistus ameshanitafutia boksi gumu la kulisafirishia. Lakini amua baada ya kusikiliza, si kabla. Jalada jipya nimeshalichapisha, na jina lako liko pale linapostahili. Nimekuwekea moja kwenye bahasha.

Nisalimie mume wako na watoto, na uwaambie mjomba wao ni mtu mbaya kidogo lakini anapika vizuri. Huku wote wanakusalimu: mzee Ongodia na goti lake, Nabwire, Callistus, Okiria wa breki, na Quinton ambaye ameniomba niandike jina lake mwisho. Mungu wa babu zetu akulinde kwenye baridi hiyo, akupe usingizi mzuri na mgongo usiouma, na akurudishe nyumbani siku moja miguu yako ikiwa na nguvu.

Ni mimi kaka yako ninayekupenda, hata nilipokosa kuonyesha,

Emorut

N.B. Najua umesahau ulichomjibu Tata, kwa hiyo nakuandikia ili usishtuke. Yeye anauliza, "Nani ameacha kuku wameingia kwenye wimbi langu?" Na wewe unapaza sauti, unacheka, besi inaendelea: "Ni Emorut, Tata! Ni Emorut!"

Na kweli nilikuwa mimi.