Sahani ya Mgeni Mezani kwa Mama

Plymouth,
Novemba 1946

Dada yangu mpenzi Otylia,

Pokea salamu nyingi, wewe na mama, nikitumaini barua hii itawakuta wazima. Macho ya mama yanaendeleaje? Najua wewe ndiye utakayemsomea, basi soma polepole, maana atataka kila neno lirudiwe. Mimi ni mzima, ila mvua ya huku haina adabu, na chai yao wanaiharibu kwa maziwa.

Mwambie mama bado naikumbuka siku aliyonifuata gatini hapo kwetu Gdynia na chupa kubwa ya matango ya kuchachusha, akaniita mbele ya mabaharia wote, "Wewe Ksawek, huko utakula nini?" Nilikuwa luteni mwenye majivuno, nikatamani bahari inimeze. Vita vilikuwa vinakaribia, tukadhani tunatoka kwa wiki moja tu, kumbe ni miaka. Hata nilipopewa ukamanda, tukisindikiza misafara ya meli kwenye barafu ya kaskazini huku nyambizi za Wajerumani zikitunyatia, vijana wangu walikuwa wakiulizana chinichini kama Matango ameamka. Nikajifanya sisikii. Nililipenda jina lile kuliko nishani zote.

Sasa manowari yetu tumewarudishia Waingereza waliotuazima. Bendera niliishusha kwa mikono yangu mwenyewe, kwa kuwa sikuweza kumwamuru mtu mwingine aishushe. Kisha kila mmoja akaambiwa achague, kurudi nyumbani au kubaki. Mpishi wetu alisema yeye anarudi hata hao watawala wapya wakimfunga, maana katika jela ya kwetu angalau atapewa supu ya bitiruti. Tulicheka sana.

Otylia, hapa usisome kwa sauti. Uliniandikia kwamba jeshi jipya la majini linanihitaji, na kwamba chumba changu mmeshakipiga chokaa. Lakini mwenzangu aliyerudi mwezi wa Agosti amekamatwa, eti ni jasusi, na mkewe hajui alipo. Nimesimama sitahani mabomu yakianguka, nikaendelea kutoa amri. Juzi nilishika kalamu nitie sahihi ya kurudi, nikaiweka chini. Naogopa, dada yangu. Naiogopa nchi yangu mwenyewe. Siji. Nimepata kazi ya kuosha vyombo hotelini, na kamanda mzima nagombezwa kwa kuvunja vikombe.

Kuanzia hapa endelea kumsomea mama kwa sauti. Aliyewaletea barua hii ni Bazyli, mpiga mizinga wangu. Nyumba yao Warszawa ni kifusi, na hakuna aliyetoka ndani. Nilimuuliza anarudi kwa nani. Akanijibu, "Kwa yeyote, kamanda, mradi aniulize kama nimekula."

Mkesha wa Krismasi, ile sahani ambayo mama humwekea mgeni asiyetarajiwa, na ambayo miaka yote hii mmekuwa mkisema ni yangu, mpeni yeye. Mmegeeni na ule mkate mwembamba wa baraka tunaogawana usiku huo. Nisalimieni majirani wote wa Oksywie.

Na mama asisahau kumuuliza.

Ni mimi kaka yako,
Ksawery, yule wa matango