Mama, Leonia Abaki Kwangu

Gisenyi, Jumapili baada ya misa

Mama,

Shikamoo. Barua hii ikikufikia, kaa chini kwanza, chai iwe karibu, na pasiwepo mtu wa kukuita kabla hujamaliza. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyompa mke wa yule dereva wa basi ilifika, au amejipaka mwenyewe? Na migomba ya kule bondeni, mnyauko umepungua? Sisi huku tunapumua. Mjukuu wako Ketsia ameota meno ya nyuma na anamuuma kila anayembeba. Mkweo Faustin yuko na pikipiki zake, mikono haitoki oili hata siku ya misa. Mimi bado nasafisha vyumba kule hotelini kando ya ziwa, na mgongo unanikumbusha kila jioni.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu unazijua simu zetu. Ukiweka spika, shangazi anasikia, baba mdogo anasikia, na kabla sijamaliza sentensi kuna mtu ameshajibu kwa niaba yako. Haya ya leo nataka uyapate wewe kwanza.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Ulisema, "Mrudishe Leonia, mtoto asije akafia mikononi mwake." Sikukasirika, mama. Ningekuwa mbali kama wewe, ningesema hivyohivyo. Lakini habari ile uliipata kwa Faustin, siku ileile, akiwa bado na hasira. Ngoja nikueleze ilivyokuwa na yaliyofuata.

Mimi nilikuwa kazini. Mwanao Leonia alibaki na Ketsia kama kawaida. Akaona mkaa umekwisha, akatoka kununua kwa jirani, nyumba ya pili tu, akamwacha mtoto mlangoni anachezea kijiko. Kwa jirani akawakuta kina mama wanabishana bei ya viazi vya Busasamana. Akasimama kusikiliza. Hakuna zaidi ya hapo, mama. Alisimama kusikiliza, na mtoto akamtoka kichwani.

Ketsia akateremka mpaka barabara ya Petite Barrière, ule mpaka mdogo watu wanaovukia kwenda Goma. Barabara ile ina mikokoteni, ina pikipiki, ina wanawake wenye mizigo vichwani ambao hawawezi hata kuinamisha shingo waone kitoto. Aliyemwona ni Mama Zawadi, jirani yetu wa kutoka Goma, anauza mboga hapo mpakani. Aliacha karoti zake chini, akambeba mpaka nyumbani, na aliyekuwa analia ni yeye, mtoto anacheka.

Faustin alipofika akaambiwa. Alimuuliza Leonia, "Unataka kuniulia mtoto?" Leonia alisimama tu na mfuko wake wa mkaa. Mimi niliporudi Faustin akaniambia, "Jovitha, mdogo wako nampenda, lakini arudi kwao." Halafu akakupigia.

Nilidhani Leonia atajitetea, unajua mdomo wake. Badala yake alinyamaza. Chakula akawa anakigusa tu. Alikuwa anamkimbia hata Ketsia. Mtoto akimfuata anaingia ndani na kufunga mlango. Siku moja tunaosha vyombo akaniambia bila kuinua macho, "Dada, kichwa changu kiliharibika tangu zamani, nyie mnanificha tu. Afadhali nisingekuwepo." Alisema taratibu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikampeleka kituo cha afya.

Kuna muuguzi pale anayeshughulikia afya ya akili, mama wa makamo. Amekulia Tanzania kama sisi, kwa hiyo tuliongea Kiswahili chetu. Jambo la kwanza alimuuliza Leonia kama amewahi kufikiria kujidhuru. Nilishtuka, nikaona kama anamfundisha. Leonia akasema ndiyo, amefikiria, lakini hajapanga kitu. Yule mama hakushtuka wala hakumkemea. Alisema, "Asante kwa kuniambia. Sasa tutakuwa tunaonana kila wiki."

Kisha akauliza mambo ambayo mimi niliyaona madogo. Analala saa ngapi? Chumba chake, mama, kilikuwa kimepakana ukuta na baa, muziki haukatiki mpaka walevi wachoke, na yeye anabaki na simu usoni akisubiri kelele ziishe. Asubuhi anakula nini? Chai ya rangi. Ana marafiki? Hana. Anaogopa nini? Hapo alisema kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Tangu zile siku tulizokuwa tunasikia milio ya risasi kutoka ng'ambo, Goma, tairi likipasuka barabarani moyo wake unakimbia na hautulii mpaka jioni. Na mimi siku zile nilikuwa nimelala naye sakafuni chumba kimoja, nikadhani yeye ndiye haogopi.

"Hayo yote yanakula akili ya mtu yeyote," muuguzi akasema. "Hata mimi nikikosa usingizi wiki nzima naweka funguo kwenye sufuria. Lakini niambie, ulipokuwa mdogo ilikuwaje?"

Nikaanza kueleza mimi. Nikasema walimu walilalamika, nikasema alirudia darasa. Muuguzi akanizuia kwa mkono. "Mwache aseme mwenyewe."

Leonia akafikiri. Akasema, "Mwalimu akianza kuongea namsikia. Halafu namsikia ndege. Halafu nasikia kengele ya kwenda nyumbani."

Muuguzi hakucheka. Alituandikia kwenda hospitali. Kule daktari alimwona mara kadhaa, akauliza mengi, akamtenganisha na mimi, kisha akatuita pamoja. Alisema Leonia ana hali inayoitwa upungufu wa umakini, na alizaliwa nayo. Siyo kwamba hana akili. Akili anayo, ila kuishika mahali pamoja ni kazi kwake, hasa kama jambo lenyewe halimvuti. Na ile huzuni imekuja juu yake kwa sababu ya miaka mingi ya kuambiwa ni mzembe. Akasema watu wamezoea kuona hali hii kwa watoto wakorofi wanaoruka juu ya madawati. Wale wanaotulia kimya na kuangalia dirishani, wengi wao wasichana, hakuna anayewaona.

Leonia akauliza, "Kwa hiyo siyo uvivu?"

"Siyo uvivu."

"Na siyo pepo?"

"Siyo pepo."

Akageuka akaniangalia mimi, siyo daktari.

Mama, sisemi hivi kukulaumu kwa yale maombi uliyompeleka. Ulitafuta msaada pale ulipoujua. Daktari mwenyewe alisema kama kusali kunamtuliza, asali. Alichokataa ni mtu kumshindisha njaa siku tatu ili pepo limtoke.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike. Kabla hatujatoka, daktari aliuliza kama nyumbani kwetu yupo mwingine wa namna hii, maana mara nyingi hali hii hurithiwa. Tulisema hatujui. Tukatoka, tukashuka kwa miguu mpaka barabara ya ziwani. Leonia ndiye aliyeanza kucheka. Akasema, "Dada, unamfikiria ninayemfikiria?" Nikasema, "Usiseme." Akasema, "Mama." Tukakaa kwenye ukuta wa mawe, tukacheka mpaka machozi, na baadaye yakawa machozi kweli.

Kwa sababu tulikumbuka, mama. Unakwenda kuazima jembe kwa jirani asubuhi, unarudi jioni bila jembe, umepitia msiba wa watu usiowajua na umewapikia. Mchuzi unatiwa chumvi mara mbili Jumatatu, na Jumanne hautiwi kabisa. Ukitoka nyumbani ulikuwa unajiimbia njiani, "maji, kuni, mbuzi, maji, kuni, mbuzi," na sisi tukadhani ni wimbo wa watoto, tukawa tunauimba nyuma yako. Ulikuwa unajikumbusha.

Na nilikumbuka lile baraza la ukoo. Leonia hakuwa amezaliwa. Mbuzi walikuwa wameingia shamba la baba mkubwa, wakamaliza maharage, kwa sababu uliwafungua ukasahau umewafungua. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia bibi akisema, "Mwanamke huyu kichwani hamna kitu, arudishwe kwao." Wazee wakaitikia. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka. Marehemu baba akasimama akasema, "Huyu ni mke wangu, siyo bati lililovuja nikalirudishe dukani." Akalipa maharage, akajenga zizi lenye komeo, na baraza likavunjika.

Sijui kama uliwahi kujua kwamba nilisikia. Sijui pia kama mtu yeyote, tangu siku ile mpaka leo, amewahi kukuambia kwamba kichwani mwako hamkuwa na upungufu wa akili. Basi nakuambia mimi. Ulitulea watoto watano na shamba, na kichwa ambacho kila asubuhi kilikuwa kinakukimbia, na ulikuwa unakikimbiza mwenyewe bila kusaidiwa. Daktari hajakuona, kwa hiyo siwezi kusema una hali gani. Nasema tu tunavyokukumbuka. Nadhani pia ndiyo maana ulikuwa mkali kwa Leonia kuliko sisi wengine. Ulijua watu watamfanyia nini.

Haya, nimesema. Sasa habari za tulipofika.

Chumba tumebadilisha. Faustin mwenyewe alibeba godoro la Leonia akalihamishia nyuma, mbali na baa, na stoo yake ya vipuri ikaenda kule kwenye kelele. Hakusema samahani, unamjua. Alisema, "Vipuri havisikii muziki." Simu Leonia ananipa baada ya chakula cha usiku, tena wakati mwingine tunagombana. Asubuhi lazima ale: ndizi, yai, chochote. Dawa za hali yake zipo, lakini daktari anataka kwanza usingizi na huzuni vitulie, halafu tutazungumza. Kwa muuguzi anaendelea kwenda. Lile wazo la kutokuwepo anasema limekuwa mbali, na linapokaribia ananiambia.

Ketsia haachwi naye peke yake. Hilo tulikubaliana wote, na Leonia ndiye aliyelisema kwanza. Nikiwa kazini mtoto anashinda kwa mama wa jirani, na Leonia anakwenda mpakani na Mama Zawadi. Nilimuogopea, nikamweleza Mama Zawadi kila kitu. Akanipigia makofi ya mshangao, akasema kwa Kiswahili chao cha Goma, chenye Kifaransa ndani.

"Jovitha, ni ile tu? Mi niko na mutoto kama huyu kule Goma. Ukimutuma bintu mingi, anarudia na kimoya, tena siyo chenye ulimutuma. Donc mutume kintu kimoya. Akimaliza, mutume ingine. Njo ile tu."

"Na akisahau?"

"Akisahau, nitamukumbusha. Mi niko na sauti."

Na sauti anayo kweli, inavuka mpaka bila kibali. Leonia anapanga karoti, anapeleka mzigo, anarudi, anaambiwa kingine. Kazi ya kutembea inamfaa kuliko ya kukaa. Lakini sitaki udhani amekuwa mtu mwingine. Alhamisi iliyopita ameunguza sombe, kisamvu cha huku, mpaka sufuria ikatupwa. Koti nililomnunulia kwa baridi ya huku limepotea na hajui hata ni siku gani. Faustin bado anaguna. Juzi lakini nilimsikia akimwambia, "Leonia, niletee koleo. Koleo tu." Akaletewa koleo.

Kwa hiyo, mama, simrudishi. Sisemi kwa kiburi. Akirudi sasa, baba mdogo atamtafutia mchumba haraka kabla watu hawajajua, na huko kwa watu atakaa kwenye mkeka kama wewe siku ile ya baraza. Huyo mume wake hatujui kama atasimama. Abaki kwangu. Na wewe, migomba ikikupa nafasi, njoo ututembelee kabla ya mvua kubwa. Leonia ana maswali mengi ya kukuuliza, namna ulivyokuwa unafanya, na mimi siyajui majibu.

Nisalimie shangazi na umwambie kitenge chake nimekipata cha rangi aliyotaka. Msalimie baba mdogo kwa heshima, na kama ataomba kusomewa barua hii, msomee pale pa meno ya Ketsia. Kaka mkubwa na mkewe, pamoja na yule mchanga wao ambaye sijamwona, wabusu kwa niaba yangu. Mwambie katekista kwamba bado naimba sauti ya pili, ila huku wanaimba Kinyarwanda, nafuata midomo.

Leonia ameisoma barua hii sasa hivi, amesimama mlangoni akila ndizi. Amesema ni ndefu mno, hutafika mwisho. Nikamwambia utafika. Akataka nifute yale ya sisi kucheka kule ziwani, nikakataa. Akaenda nje, akarudi. Akasema, "Basi mwandikie kwamba sikuwa namcheka. Nilifurahi kwamba tuko wawili."

Wako,
Jovitha, mama Ketsia