Bakteria wa Mkwe Dhahabu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta salama, goti limepungua uvimbe, na jirani wa ukutani ameacha kukuamsha na redio yake. Mimi mwili uko sawa. Roho ndiyo imejaa, na nisipoitua kwako nitaitua pasipostahili.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sikuonekana kwenye sherehe ya kumpongeza Mkwe Dhahabu, kama unavyopenda kumwita mume wa dada. Nilikuwepo, mama. Nilikaa nyuma, karibu na mlango wa choo, ndiko sisi watafiti wadogo tulikopangiwa viti. Yeye alipanda jukwaani na suti inayong'aa kama bati jipya, akawasimulia watu alivyozunguka mashambani juani akiwatafuta "bakteria wangu". Bakteria wake! Mtu ambaye akiona tope anapandisha suruali kabla hajalifikia.

Wewe unajua walikotoka. Mwaka ule pilipili hoho zako zilipokufa kwa mnyauko, ukabaki mche mmoja tu umesimama kijani katikati ya mizoga, mimi ndiye niliyechimba udongo wa mizizi yake kwa kijiko chako cha kupakulia mchuzi, ukanigombeza hadi jioni. Mizizi ile ilikuwa imejaa bakteria wema. Wanakula utamu unaovuja kwenye mizizi, na wao wanakaba nafasi yote na kutoa sumu ya kuwafukuza wale wa mnyauko. Niliwaotesha maabara. Shemeji, kwa kuwa ndiye mkuu wa kituo chetu cha utafiti, akawatia kwenye pakiti akaandika jina lake. Nilimeza. Wakulima walichovya miche yao, nyanya zikasimama, nikajiambia basi, acha ajisifu.

Kilichonitoa uvumilivu ni msimu huu. Bakteria, mama, ukiwalea muda mrefu kwenye chupa za sukari, wasione mzizi wala adui, wanageuka kama watoto wa tajiri: wananenepa na kusahau kazi. Niliwajaribu kwenye miche niliyoipanda udongo wenye mnyauko, yote ikanyauka. Nikaenda kumwambia tusimamishe pakiti, turudi shambani tukachukue wapya. Nilimkuta anachagua fremu ya picha yake ya sherehe. Akanijibu bila kuinua macho kwamba wivu wa mashemeji anaujua, na kwamba nikaoshe chupa.

Haukupita muda akaingia ofisini mjane mmoja mkulima, aliyechovya miche ya shamba zima kwenye dawa yetu. Akatua ndoo ya nyanya zilizonyauka juu ya meza yake ya kioo. Shemeji akavuta kiti nyuma maji yanayovuja ndooni yasimguse, akamwambia kwamba amemwagilia kupita kiasi, na kwamba wasiosoma maelekezo wasiilaumu sayansi.

Yule mama akamwambia, "Mwanangu, maelekezo nimeyasoma mpaka anwani yenu. Hebu nionyeshe palipoandikwa kwamba nyanya zitakufa."

Shemeji akanywa maji, akaita mlinzi. Mlinzi, mama! Kwa mjane mwenye ndoo.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo. Dada amekwambia wanakuja kukusalimia. Hawaji kusalimia. Wanakuja kukaa. Wakulima walipoitwa mkutanoni, shemeji alisimama kuwasomea hotuba ileile ya maji mengi. Nikanyanyuka mbele ya wakubwa zake nikasema kwamba pakiti hazifanyi kazi na yeye anajua. Nikaweka mezani miche ya udongo uleule wenye mnyauko, iliyochovywa dawa yake na iliyochovywa maji matupu. Yote ilikuwa imelala sawasawa. Amesimamishwa kazi, na nyumba ya kituo wanatakiwa waihame. Dada hapokei simu zangu. Alinitumia neno moja tu: "Umefurahi?"

Watu wananipongeza kwamba nimewatetea wakulima, nami naitikia. Wewe sitakudanganya. Nilipokuwa nanyanyuka pale sikumfikiria mjane wala nyanya zake. Nilimfikiria yeye tu, nilivyotamani kumwona amekosa pa kuweka mikono. Nikamwona, na nilifurahi, mama, nilifurahi sana. Dada na watoto walinijia akilini nilipokuwa nimeshaketi.

Chumba changu wapewe dada na watoto, mashuka safi yako kabatini juu. Mkwe Dhahabu apewe godoro la sebuleni, ni jembamba, litamtosha. Akianza kukufundisha namna ya kumwagilia bustani, mwache afundishe, hana tena wa kumsikiliza. Mimi nimepewa kazi ya kuwaotesha bakteria wapya, na safari hii nawajaribu kwanza shambani kwa yule mjane, aliyenifungulia geti bila kuniuliza mimi ni shemeji wa nani.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na usiache dawa ya goti hata ukijisikia nafuu. Dada akikuuliza kama nimeandika, mwambie nimeandika. Asipouliza, usimwambie.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako