Mlima Usio na Mto

Mjukuu wangu Mwende,

Nyanya yako anakusalimu. Mimi nguvu zimeniishia kitandani. Umeuliza mpange vipi safari yenu ya baiskeli kuvuka Chyulu.

Ujanani nilipanga safari hiyo na ndugu yangu Mutua. "Tubebe maji," alisema. Nikamcheka: "Wewe ni Mkamba gani? Tutachimba mchanga wa mto, kama nyumbani." Kumbe Chyulu haina mto wala mchanga, ni mawe meusi yanayomeza mvua yote. Nilirudi peke yangu. Nikamwambia mama kwamba Mutua ndiye aliyekataa kubeba maji.

Bebeni maji ya safari nzima, hata baiskeli zikilemewa. Nimekuambia wewe kwa sababu wote niliopaswa kuwaomba msamaha wamekwisha kufa.

Babu yako