Jino la Mbele

Bénédicte,

Nilisikia komeo la dirisha kabla sijafungua macho. Kumbe ni weye, kitenge puani: “Kaka, mudomo yako iko inanuka, siye tutahama.” Asante kwa upepo.

Chai iko kwenye termosi.

~~Harufu ni ya makayabu ya jana.~~ Hapana, si samaki. Ni jino la mbele, limeoza. Miaka mingi nililala bila kupiga mswaki. Sasa nasugua hata ulimi, nimechelewa. Dokta anataka kuling'oa. Likibaki, watu wananikimbia. Likitoka, Jumapili nitasoma shairi langu kanisani na pengo, vijana wote wa mtaa wetu wa Bigo wacheke. Nimekwama.

Lakini afadhali wao wacheke kuliko ninyi mhame. Nimeenda waling'oe. Nimekwisha kumwambia Mama kwa sauti, hapo uani: “Jumapili nitasoma, na sitafunika mudomo.”

Kaka yako, Fiacre