Tangu Ng'ombe Wafe kwa Kiu

Jumatatu, 5 Januari
Nimemfukiza tena mume wangu, Baba Tedi. Mkaratusi, mchaichai, blanketi zito. Katoka jasho, kagusa wali kidogo, karudi kulala. Mama mkwe anasema ni mafua. Mafua gani ya tangu Oktoba? Yeye ni mgambo. Mwezi huo alilinda zizi walimofungiwa ng'ombe waliokamatwa wakilishwa bondeni, kulikokatazwa. Aliamriwa asipitishe maji. Mama Kulwa, mwenye ng'ombe, alikuja na ndoo ya maji kichwani. Akamrudisha. Ng'ombe wakafa mmoja mmoja, yeye anatazama.

Jumatano, 7 Januari
Zahanati. Nesi kamfundisha kuvuta pumzi taratibu, na atembee kila asubuhi. Dawa ya bure, nimeipenda. Jumuiya yetu ya kanisani nayo inamwombea. Kapumua, kasali. Mzigo uko pale pale. Namhurumia na nina hasira naye, vyote pamoja.

Jumamosi, 10 Januari
Nimejua anakotembea. Ng'ambo ya mto Lumemo, kwa Mama Kulwa. Anasimama mbali na boma, kisha anarudi. Nimemgombeza mpaka sauti ikakauka. Vijana wa pale wana fimbo. Wakimpiga, nitawalaumu kwa lipi?

Jumapili, 11 Januari
Tumekwenda wote baada ya misa. Baba Tedi kainama: "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Shikamoo ya mtu mzima, mbele ya wajukuu, imeachwa hewani. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye kaendelea tu: "Ndoo niliirudisha mimi." Hakumtaja mkubwa wake aliyetoa amri. Mama Kulwa kaingia ndani.
Njiani Baba Tedi kalia. Mara ya kwanza. Nilimwacha alie, nikambebea viatu tukivuka maji.

Jumanne, 13 Januari
Kaondoka alfajiri, peke yake. Sikumzuia. Moyo juu juu siku nzima, hata maharage nimeunguza.
Karudi jioni, matope mpaka magotini. Mama Kulwa alikuwa analima majaruba ya mpunga kwa maksai wawili, ndio waliobaki. Alipomwona kasimama pale, kamkabidhi kamba awaongoze. Kamwambia neno moja: "Usiwapige." Basi. Hakuna msamaha, hakuna hata chai. Nilikasirika kwa niaba yake. Yeye hakukasirika.

Jumatano, 14 Januari
Kafua suruali yake mwenyewe. Kanywa uji wote. Mvua inanyesha kidogo, kaenda tena kwa Mama Kulwa hivyo hivyo.
Kabla ya kutoka kaniambia jina la maksai mmoja, alilomsikia Mama Kulwa akiliita. Mweusi ni Mabula. Jina la mwekundu bado hajaambiwa.